Msimu wa manunuzi umefika, mapato ya matangazo hayapandi: kosa liko wapi?

Ikifika katikati ya Novemba, wenye tovuti huanza kuuliza swali moja: "Mbona wengine wanavuna na kwangu pamekauka?" Swali hilo lina haki yake. Wauzaji hutumia sehemu kubwa ya bajeti zao za matangazo katika robo ya mwisho ya mwaka. Huanzia Novemba 11, siku ambayo Alibaba, kampuni ya Kichina ya biashara mtandaoni, iliigeuza kuwa ya manunuzi mwaka 2009, kisha Black Friday na Cyber Monday (Ijumaa ya punguzo kubwa la bei na Jumatatu inayoifuata), hadi siku chache kabla ya Krismasi. Nafasi za matangazo kwenye kurasa zako huuzwa kwa mnada kila ukurasa unapofunguka, na wanunuzi wakijaa mnadani bei hupanda. Kwa hiyo tovuti ambayo haikubadilika kitu ilipaswa kuona mapato yakipanda yenyewe. Yasipopanda, kuna jambo la kutafutwa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, uanze na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, halafu ushuke. Usianzie chini.

## Kabla ya dalili yoyote: pima, usiguse

Mapato ya matangazo yanasimama kwa miguu mitatu: kurasa zilizofunguliwa, matangazo yaliyoonyeshwa kwenye kurasa hizo, na bei iliyolipwa kwa matangazo hayo. Fungua ripoti zako, uandike tarakimu hizo tatu kwa siku saba zilizopita na kwa siku saba za wiki mbili kabla yake. Kwa bei, tumia RPM, yaani mapato kwa kila kurasa elfu: gawanya mapato kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa, kisha zidisha kwa 1,000.

Mguu uliolegea ndio unaotibiwa. Wengi huona mapato yamepungua, wakakimbilia kuongeza matangazo, kumbe waliopungua ni wasomaji. Matangazo mengi zaidi kwa wasomaji wachache huwafukuza hata wale waliobaki.

Nakusihi jambo moja: usibadili mpangilio wa matangazo, muundo wa tovuti wala kampuni ya matangazo kati ya wiki ya Black Friday na Desemba 20. Mabadiliko makubwa huhitaji siku kadhaa kabla ya mfumo kutulia, na hizo ndizo siku zenye bei nzuri kuliko zote. Rekebisha kilichovunjika tu. Ukilazimika kubadili kitu, badili kimoja, uandike tarehe na saa, kisha usubiri siku mbili au tatu. Ukibadili vitu vitano kwa usiku mmoja, hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

## Dalili ya 1: Wasomaji ni walewale, matangazo yanaonekana, lakini mapato hayapandi

Ulinganisho wenyewe una kasoro. Anza hapa, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Black Friday ni Ijumaa inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Thanksgiving ya Marekani, kwa hiyo tarehe yake huhama. Mwaka 2023 iliangukia Novemba 24, na mwaka 2024 ikaangukia Novemba 29. Cyber Monday ya 2023 ilikuwa Novemba 27, lakini ya 2024 ilivuka mwezi ikawa Desemba 2. Aliyelinganisha Novemba hizo mbili alilinganisha mwezi wenye kilele chote na mwezi uliokatwa kilele, kisha akaamini tovuti yake inaugua. Mwaka 2025 ilikuwa hivyohivyo, Cyber Monday iliangukia Desemba 1. Panga siku zako kwa kuhesabu kutoka Black Friday: siku tatu kabla kwa siku tatu kabla, Jumatatu kwa Jumatatu.

Angalia pia saa za ripoti. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, kwa mfano, huhesabu siku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani usipochagua saa za kwako, na ripoti za wasomaji huenda zinafuata saa nyingine kabisa. Katika siku yenye msukosuko wa bei, tofauti hiyo inatosha kukupotosha.

Kurasa zako hazimwiti mnunuzi. Bei ya msimu hupandishwa na wauzaji wanaomtafuta mtu aliye tayari kununua. Ukurasa unaolinganisha simu au vyombo vya jikoni hugombewa. Ukurasa wa mashairi au wa historia nao hupanda kidogo, kwa kuwa matangazo mengine humfuata msomaji kwa mambo aliyoyatafuta kwingine, lakini usitarajie upande sawa na ule wa kwanza. Mahali msomaji alipo nako kuna uzito, maana mtangazaji hulipia wateja anaoweza kuwafikishia bidhaa. Gawa RPM yako kwa kurasa, kwa nchi na kwa aina ya kifaa. Mara nyingi utakuta kurasa chache zimepanda vizuri, ila zimezama ndani ya wastani wa tovuti nzima.

Dawa ya hili haipatikani Desemba. Kurasa za kumsaidia mnunuzi kuchagua huandikwa Agosti au Septemba, kwa sababu injini za utafutaji huchukua muda kuzitambua na kuzipandisha. Kwa sasa, zile ulizonazo zihuishe: ondoa bidhaa zisizouzwa tena, na uziunganishe na kurasa zako zinazosomwa zaidi.

Umewafungia watangazaji mlango mwenyewe. Pitia orodha ya makundi ya matangazo uliyoyazuia. Huenda miaka miwili iliyopita ulichukizwa na tangazo moja ukazuia kundi zima, na leo kundi hilo ndilo lenye wauzaji wa zawadi. Zuia yale tu yanayogongana na msimamo wako au yanayowadhuru wasomaji wako. Mengine yafungue.

Bei ya kianzio iko juu mno. Wanaotumia mifumo ya mnada yenye bei ya kianzio, yaani bei ya chini kabisa unayokubali kuuzia nafasi, wakati mwingine huipandisha Oktoba kwa tamaa ya msimu. Matokeo yake nafasi hubaki bila mnunuzi. Linganisha maombi ya matangazo na matangazo yaliyojazwa. Kama ujazaji ulianguka siku uliyopandisha bei, umelipata kosa. Ishushe kidogokidogo.

Idhini ya wasomaji wa Ulaya haifanyi kazi. Tangu Januari 16, 2024, Google inadai tovuti zinazoonyesha matangazo yanayomlenga msomaji katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya na Uingereza zitumie mfumo wa idhini uliothibitishwa nayo, yaani dirisha linalomwomba msomaji ruhusa ya kutumia data zake. Mfumo ukikosekana, au ukivunjika baada ya sasisho, wasomaji hao huonyeshwa matangazo hafifu au wasionyeshwe kabisa. Dalili yake ni RPM kuanguka katika nchi za Ulaya peke yake huku kwingine kukiwa shwari.

Sheria za faragha zikikuchanganya hapa, simama. Usinakili dirisha la idhini kutoka tovuti ya mtu mwingine. Muulize mwanasheria wa mambo ya data, hasa kama unakusanya pia majina na barua pepe.

## Dalili ya 2: Wasomaji wameongezeka, mapato yamebaki palepale au yameshuka

Wasomaji wapya ni wa aina nyingine. Makala ikisambaa mitandaoni, watu huingia kwa maelfu, husoma aya moja na kutoka. RPM itashuka, na hilo si ugonjwa. La kuangalia ni jumla ya mapato. Ikiwa jumla imepanda, hata kidogo, tulia. Ikiwa wasomaji wameongezeka na jumla imeshuka, endelea chini.

Matangazo yanahesabiwa kuonyeshwa lakini hayaonwi. Kipimo cha kawaida katika biashara hii ni kwamba tangazo la picha limeonwa pale angalau nusu ya eneo lake linapokaa kwenye kioo kwa sekunde 1 mfululizo. Tangazo lililowekwa mwisho wa makala ndefu, mahali ambapo mgeni wa haraka hafiki, halitimizi hilo, na watangazaji hushusha bei kwa nafasi zenye historia ya kutoonwa. Fungua tovuti yako kwa simu ya kawaida, wala si kompyuta yako ya kazi, usome kama mgeni. Hesabu matangazo mangapi unakutana nayo kabla ya kuchoka. Nafasi mbili zinazoonwa zina faida kuliko sita zilizozikwa.

Ukurasa umekuwa mzito. Wageni wengi kwa wakati mmoja huilemea seva, na msomaji huondoka kabla tangazo halijafika. Google hupendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 na ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200. Punguza ukubwa wa picha, washa kashe (nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka), ondoa programu-jalizi, yaani programu za nyongeza za tovuti, usizozitumia. Acha matangazo ya chini yapakiwe msomaji anapoyakaribia.

Wageni wenyewe si watu. Hii hutokea mara chache kuliko tatu za juu, lakini hatari yake ni kubwa kuliko zote. Wageni walioingia ghafla kutoka mahali pasipojulikana, wanaokaa sekunde sifuri, wanaofungua ukurasa mmoja tu usiku kucha: hao ni roboti. Kama ulinunua "wageni" kwa bei rahisi ili uwahi msimu, acha leo hii, kisha nenda moja kwa moja kwenye dalili ya 4.

## Dalili ya 3: Nafasi za matangazo ni tupu

Kwanza jichunguze wewe. Fungua tovuti kwa kivinjari kingine kisicho na kizuia matangazo, kwa simu ya mtu mwingine, kwa mtandao mwingine. Malalamiko mengi ya namna hii huishia hapa.

Kama ni tupu kwa kila mtu, uliza: nini kilibadilika siku ya mwisho matangazo yalipoonekana? Sasisho la programu-jalizi ya kashe, au ya kuharakisha ukurasa, mara nyingi huahirisha msimbo wa matangazo hadi usifanye kazi tena. Zima programu-jalizi hizo moja baada ya nyingine, ukisafisha kashe kila mara.

Kisha tazama faili la ads.txt, orodha ya wanaoruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako. Liliasisiwa na IAB Tech Lab, shirika la viwango vya matangazo ya mtandaoni, mwaka 2017 ili kuzuia watu kuuza nafasi za matangazo kwa jina la tovuti isiyo yao. Hukaa kwenye mzizi wa tovuti, yaani jina la tovuti yako likifuatiwa na /ads.txt. Lifungue kwenye kivinjari. Kwa AdSense mstari wake una umbo hili:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Sifuri hizo ni mahali pa namba ya akaunti yako. Makosa ya kawaida ni namba ya akaunti ya zamani, herufi iliyopotea wakati wa kunakili, au faili lililofutwa tovuti ilipohamia seva mpya. Ukishalirekebisha, mpe mtambo wa matangazo siku kadhaa kulisoma upya.

Ikiwa ukurasa mmoja tu ndio mtupu, angalia kituo cha sera kwenye akaunti yako, huenda umezuiwa kwa maudhui yake. Ikiwa nafasi hujaa mchana na kubaki tupu usiku, rudi kwenye bei ya kianzio.

Kama tovuti yako inatumia mnada wa kampuni nyingi ndani ya kivinjari, na umefika hapa bila jibu, mwite mtaalamu wa matangazo au timu ya kampuni inayokuhudumia. Kosa dogo katika mpangilio huo linaweza kukata matangazo yote, na usiku wa Black Friday si wakati wa kujifunzia.

## Dalili ya 4: Umepata taarifa kwamba matangazo yamewekewa kikomo, au mapato yamekatwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza akaunti za miaka.

Kikomo huwekwa mfumo unaposhuku kwamba mibofyo au wageni si halisi. Sababu, kuanzia iliyozoeleka:

Umebofya mwenyewe, au waliokuzunguka wamebofya. Ndugu anayetaka kukusaidia msimu wa sikukuu anabofya matangazo kumi kwa siku akidhani anakuchangia. Anakuangamiza. Waeleze watu wako wa karibu waziwazi. Usiandike popote "tusaidie kwa kubofya", na usijiunge na makundi ya kubofyana.

Wageni wa kununua, au wa kubadilishana. Hata kama muuzaji aliapa ni watu halisi.

Mpangilio unaowakosesha watu. Tangazo lililobanwa kando ya kitufe cha kupakua, au linaloruka chini ya kidole ukurasa unapojipanga, huzaa mibofyo ya bahati mbaya. Acha nafasi kati ya tangazo na vitufe, na utenge kimo cha tangazo mapema ili ukurasa usirukeruke.

Mtu mwingine anakushambulia. Hutokea, ingawa si mara nyingi kama watu wanavyodai.

Hatua zake: pitia vyanzo vya wageni kwa siku 30 na utenge kile kisichoeleweka. Sitisha kampeni yoyote ya kulipia wageni. Zuia roboti kwenye seva au kwenye huduma inayolinda tovuti yako. Kama kampuni ya matangazo ina fomu ya kuripoti mibofyo batili, ijaze kwa ukweli, pamoja na tarehe na vyanzo ulivyoviona. Kisha subiri. Kikomo cha AdSense mara nyingi huondoka ndani ya siku 30, ingawa kinaweza kudumu zaidi.

Subira hiyo huuma, hasa siku 30 hizo zikimeza Desemba yote. Hata hivyo usifungue akaunti ya pili, usitumie akaunti ya rafiki, wala usimlipe mtu anayedai ana njia ya ndani ya kuondoa kikomo. Huyo hana njia. Akaunti ya pili huweza kuifunga hata ya kwanza.

Tofautisha pia mapato ya makadirio na mapato ya mwisho. Tarakimu unayoiona kila siku ni makadirio. Mwezi ukifungwa, mibofyo batili huondolewa, na kinachobaki ndicho chako. Mkato mdogo ni wa kawaida. Mkato mkubwa ni onyo, hata usipopata taarifa yoyote.

## Dalili ya 5: Waliopungua ni wasomaji

Angalia wamepungua kutoka wapi. Kama ni kutoka injini za utafutaji, soma taarifa rasmi za Google kabla ya kujilaumu. Kampuni hiyo imewahi kutoa masasisho makubwa ya utafutaji ndani ya msimu wenyewe, likiwemo la Novemba 2024 na jingine la Desemba mwaka huohuo. Subiri sasisho likamilike ndipo upime. Kufuta makala kwa hofu katikati yake huongeza jeraha.

Kosa moja ni la kujitakia: kuandika ukurasa mpya wa zawadi kila mwaka, wenye mwaka kwenye anwani yake. Kila mwaka unaanza upya bila viungo wala sifa. Tumia anwani moja isiyo na mwaka, uihuishe.

## Dalili ya 6: Wasomaji wanasema wanapelekwa kwenye tovuti nyingine, au wanaona matangazo usiyoyajua

Jaribu kwa simu, kupitia matokeo ya utafutaji, kwa sababu msimbo mbaya mara nyingi hujificha mwenye tovuti anapoingia moja kwa moja. Likitokea tangazo moja baya ndani ya nafasi yako halali, lipige picha, nakili anwani yake, lizuie na uliripoti. Likitokea hata ukizima matangazo yote, tovuti imevamiwa.

Hapo acha kila kitu. Usiendelee kuhariri. Weka ukurasa wa matengenezo, badili nywila za seva na za akaunti ya matangazo kutoka kifaa kingine kilicho salama, na umwite mtaalamu wa usalama wa tovuti. Kurudisha nakala ya zamani bila kuziba tundu humrudisha mvamizi usiku uleule. Kupoteza siku mbili za mauzo ni afadhali kuliko kuwapeleka wasomaji wako kwa wezi.

## Dalili ya 7: Mapato yalikuwa mazuri, yakaanguka baada ya Desemba 20 au mwanzo wa Januari

Hili si kosa. Bidhaa ikishakuwa haiwezi kumfikia mteja kabla ya Krismasi, muuzaji hupunguza matangazo. Januari bajeti mpya huanza polepole, na mnada hubaki na wanunuzi wachache. Kama kurasa na matangazo yaliyoonyeshwa hayakushuka, ila bei tu, usirekebishe kitu. Isipokuwa kimoja: kama ulipandisha bei ya kianzio kwa ajili ya msimu, ishushe sasa.

## Dalili ya 8: Mapato yamehesabiwa, pesa haijafika

Mapato ya Desemba hayalipwi Desemba. AdSense hukamilisha hesabu mwanzoni mwa mwezi unaofuata na hulipa kati ya tarehe 21 na 26, ikiwa salio limefika kiwango cha malipo, ambacho kwa akaunti za dola ni $100. Chini ya hapo, salio huhamia mwezi mwingine.

Tarehe hizo zikipita, kagua kwa mpangilio huu: Je, njia ya malipo imewekwa? Je, anwani imethibitishwa? Namba ya uthibitisho hutumwa kwa posta salio likifika $10, na barua za Desemba huchelewa, kwa hiyo usingoje msimu uanze ndipo uishughulikie. Je, taarifa za kodi zimejazwa? Je, jina la akaunti ya benki linafanana na la akaunti ya matangazo? Vizuizi vyote viondolewe kabla ya tarehe 20, la sivyo malipo yatasubiri mwezi unaofuata.

Malipo yakionyesha yametumwa nawe hujayaona, nenda benki na risiti ya malipo kutoka kwenye akaunti. Na kama msimu umekuingizia kiasi ambacho hukuwahi kukipata, zungumza na mshauri wa kodi kabla ya kukitumia. Usimpe mtu yeyote nywila ya akaunti yako ili "afuatilie" malipo kwa niaba yako.